Injini kuukuu na uzuri wa mkakasi



Juma hili naomba tuyaweke kando mambo ya bei za mazao na ya wanasiasa, tuingie gereji. Nataka tuzungumze juu ya metali moja nyepesi, nyeupe, ambayo kila nyumba inayo jikoni lakini tabia zake ni wachache wanaozijua. Metali hiyo ni alumini. Nitaizungumzia pale inapoteswa zaidi siku hizi katika miji yetu ya Mbeya na Iringa, yaani katika injini ya pikipiki kuukuu iliyopelekwa kwa fundi ili irudishiwe ujana wake.

Huenda mtu akauliza, pikipiki kuukuu ina nini hata ipewe dakika za redio na nafasi ya gazeti? Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako, huona bodaboda mpya katika kila kituo. Asichokiona ni zile za zamani zilizolala nyuma ya nyumba chini ya magunia na mabati mabovu: Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya 1970 na 1980, ambazo zilikuwa ndiyo miguu ya mabwana shamba, waganga wa zahanati, mapadri na wachungaji. Mara moja moja utakuta hata BSA ya Mwingereza, ingawa kiwanda chake kule Birmingham kilikoma kuunda pikipiki katika miaka ya 1970.

Siku hizi zinafufuliwa. Mmoja anataka kumbukumbu ya marehemu baba yake, mwingine anataka kuonekana mjini, na wa tatu ameona tu kwamba chuma kile kiliundwa na watu waliokusudia kidumu. Mimi nami nimo. Ninayo Honda niliyoachiwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa bwana shamba mkoani Iringa, na kwa sababu hiyo nimeingia na kutoka katika gereji nyingi za miji hii miwili, nikiwa na daftari langu mfukoni kama ilivyo desturi ya kazi yetu.

Katika kuingia na kutoka huko nimeliona jambo moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Sisi wateja tunalipia mng'aro. Fundi naye, kwa kuwa ana watoto wa kulisha, anatupa mng'aro. Na mng'aro huo aghalabu ndio unaoiua injini tuliyotaka kuifufua, na ndio unaomdhuru kijana aliyetumwa kuisugua. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwanza tuijue alumini yenyewe. Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule, na hupitisha joto upesi, takriban mara tatu ya chuma. Ndiyo sababu waunda pikipiki waliichagua kwa pistoni, kwa silinda hedi na kwa kasha la injini, maana injini ya pikipiki aghalabu hupozwa na upepo tu, nayo isipotoa joto haraka itajichoma yenyewe. Zamani metali hii ilikuwa ghali mno. Mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waligundua njia ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Tangu hapo bei yake ikashuka, hata leo tunaipikia ugali.

Alumini ikikutana na hewa, papo hapo hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ni mgumu kuliko alumini yenyewe. Kwa asili yake ni kitu kimoja na yakuti, lile jiwe la thamani. Ndio unaoikinga isiliwe. Ukikwaruzwa, hujiotesha tena wenyewe. Lakini una maadui, na adui mkubwa ni kitu chochote cha jamii ya magadi. Kina mama wanaopika maharage au makande kwa magadi katika sufuria ya alumini wanajua jinsi sufuria inavyogeuka nyeusi. Ule weusi ni dalili ya utando ulioshambuliwa. Sasa, ikiwa kijiko cha magadi ya kulainishia maharage kinafanya hivyo, je, kostiki soda ya kuzibulia mabomba itafanya nini?

Nitawaambia, maana nimeona. Katika gereji moja ya Mbeya, ambayo sitaitaja jina, nilikuta kava la klachi la pikipiki yangu limezamishwa katika ndoo ya kostiki soda. Maji yalikuwa yakitokota bila moto. Kijana aliyekuwa akiisimamia ndoo ile alinieleza kwa furaha kwamba povu lile ni uchafu unaotoka. La hasha! Povu lile lilikuwa ni haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi, na ilikuwa ikitokana na alumini yenyewe ilipokuwa ikiyeyuka. Kava lilitoka jeusi, likasuguliwa kwa stiliwaya ya kusugulia masufuria, likang'aa mpaka wapita njia wakasimama kulitazama. Wiki mbili baadaye oili ilikuwa ikichuruzika kwenye kiungo, kwa sababu uso wa kava, ambao hupaswa kuwa bapa kama kioo, ulikuwa umetobokatoboka vishimo.

Kostiki soda haiko peke yake. Wapo wanaotumia maji ya betri, ambayo ni tindikali ya kuchoma ngozi na macho, na ambayo kabureta haiwezi kuyastahimili. Wapo wanaotumia brashi ya waya wa chuma iliyofungwa kwenye mashine. Waya ule huacha chembe zake ndani ya alumini, ambayo ni laini, na chembe zile zikipata unyevu hushika kutu, kisha alumini inayozizunguka nayo huanza kuliwa. Kadhalika wapo wanaobandua gasketi ya zamani kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi, mwembamba kama unywele, unatosha kuwa mfereji wa oili.

Tukumbuke pia kwamba huku kwetu injini huchafuka kwa namna zake. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,700, na Iringa imezidi mita 1,500. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ikipandishwa huku bila kurekebishwa, huzidisha petroli, na petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Matokeo yake ni masizi, magumu kama lami iliyokauka, juu ya pistoni na ndani ya silinda hedi. Uchafu wa pili huletwa na mvua, ambazo kuanzia Novemba hadi Aprili, na kule Rungwe hata zaidi ya hapo, huingiza unyevu katika kila upenyo. Alumini iliyolala katika unyevu na tope huota unga mweupe, na huo ndio kutu yake. Wa tatu ni udongo unaoganda katikati ya mapezi ya silinda, zile bamba nyembamba zinazopokea upepo. Mapezi yakiziba, joto halina pa kutokea, na injini huchemka.

Kila uchafu una dawa yake, na hakuna hata mmoja unaohitaji kostiki soda. Haya nilionyeshwa mjini Iringa na fundi mmoja mzee, ambaye alianza kazi wakati pikipiki hizi zingali mpya. Nilipomfikia nilimwamkia, "Kamwene, mzee." Akaitikia, "Kamwene, mwanangu. Umeleta injini au umeleta haraka?" Nikamjibu kwamba nimeleta injini. Akacheka, akasogeza kigoda.

Kazi ya mzee yule huanza kwa kuziba. Tundu la kabureta, la ekzosi na la plagi huzibwa kwa vitambaa kabla ya tone la maji kugusa injini, na injini yenyewe ni lazima iwe imepoa kabisa. Maji baridi juu ya alumini ya moto huipinda, na huweza hata kuipasua. Vijana wa bodaboda wanaoingiza pikipiki mtoni mara tu baada ya safari, naomba mlisikie hilo. Kisha hupaka mafuta ya taa, huacha yalainishe tope na oili iliyoganda, halafu husugua kwa mswaki wa meno uliochakaa na kijiti cha mwanzi, pezi moja baada ya jingine. Petroli haitumii kuoshea, maana mvuke wake unaweza kuwashwa na cheche ya mbali. Mwisho huosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akasuuza, akaanika juani.

Skrubu zilizogoma hazipigi kwa hasira. Skrubu ya chuma iliyokaa miaka 40 ndani ya alumini huwa imeshikana nayo, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, moja huliwa. Mzee hulitilia eneo lile maji yaliyochemka. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hupanuka kuliko skrubu iliyomo. Hapo huchukua bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, hugonga mara moja au mbili, na skrubu hutoka na uzi wake mzima. Kwa njia hiyohiyo ya joto hutoa beringi katika kasha bila kuzipiga.

Masizi ya silinda hedi huyaloweka usiku kucha, na asubuhi huyakwangua kwa kipande cha mti mgumu au cha plastiki kilichochongwa. Gasketi huilowanisha na kuibandua kwa mti uleule. Madoa yaliyobaki juu ya kava huyapaka maji ya limau kwa dakika chache tu, kisha akasuuza kwa maji mengi. Uso wa kiungo huupima kwa kuulaza juu ya kioo cha dirisha. Ukicheza, huweka msasa laini uliolowana juu ya kioo hicho, akausogeza uso ule taratibu kwa kuuzungusha, mpaka ulale bapa. Matundu ya kabureta hayachokonoi kwa waya. Huyapuliza kwa upepo, maana tundu likipanuka kidogo tu kipimo cha petroli kimekwisha kuharibika.

Nilimwuliza mbona hang'arishi. Akanijibu kwamba kava za namna ile hazikutoka kiwandani zikiwa kioo cha kujitazamia, na kwamba pale alipowekea kipimo cha usafi ni kwenye kiungo: ukipitisha kidole asubuhi na kukuta kikavu, kazi imefanyika. Siku tatu zile zilinigharimu zaidi ya yule wa ndoo. Lakini kidole changu kimekuwa kikavu tangu hapo.

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa nimezungumzia chuma. Sasa nizungumzie watu, maana chuma kina mbadala na mapafu hayana.

Katika gereji nyingi kazi ya kusafisha hupewa yule aliye mdogo kuliko wote, kijana aliyeletwa na mjomba wake ajifunze kushika spana. Huinama juu ya ndoo bila glavu na bila miwani. Tone moja la kostiki soda au la maji ya betri likiruka jichoni, linaweza kuchukua jicho lile moja kwa moja. Likitokea, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha mbio hospitali. Asipotee mtu kutafuta dawa ya kienyeji ya kutia juu yake.

Kijana huyohuyo hupuliza vumbi la breki na la gasketi kwa kompresa. Breki na gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani. Vumbi lile halipaswi kupulizwa, linapaswa kulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa ambacho hutupwa. Vilevile petroli iliyouzwa nchini hadi katikati ya miaka ya 2000 ilitiwa risasi, kwa hiyo injini iliyolala tangu wakati huo ina mabaki ya risasi katika masizi yake. Mtu asiyakwangue yakiwa makavu, na asile mhogo wa kuchoma kwa mikono iliyotoka kuyakwangua.

Halafu kuna mchanga. Wapo wanaochota mchanga na kuurusha kwa kompresa juu ya kasha la injini, na kwa hakika hung'aa. Lakini chembe za mchanga hujificha katika njia za oili, na siku injini inapowaka huanza kusaga beringi. Anayeurusha naye huvuta vumbi linalotia makovu katika mapafu, ugonjwa ambao hadi leo hauna tiba. Kitambaa cha kujifunga puani hakiuzuii.

Na maji machafu yanakwenda wapi? Iringa imekaa juu ya kilima, na chini yake unapita Mto Ruaha Mdogo, ambao maji yake wakazi wa mji wanayategemea, na ambao hujiunga na Ruaha Mkuu na kwenda hadi bwawa la Mtera. Oili iliyomwagwa mferejini juu huteremka huko. Mzee wangu wa Iringa huikusanya yake katika dumu. Dumu si teknolojia ya kigeni, ndugu zangu.

Lipo jambo la mwisho. Kasha la injini lina nusu mbili, ambazo kiwandani husawazishwa na kutobolewa pamoja kama mapacha. Ukiiharibu nusu moja, huwezi kuokota ya pikipiki nyingine ukaiunganisha na kutegemea beringi zikae sawasawa. Kwa hiyo kasha lililoliwa na kostiki soda mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kutoka hapo huenda kuyeyushwa pamoja na kila takataka iliyoshikamana nalo, na hugeuzwa sufuria. Watafiti waliopima masufuria ya alumini chakavu katika nchi kadhaa, Kameruni ikiwa mojawapo, walikuta yakitoa risasi pale maji yenye uchachu yalipochemshwa ndani yake. Injini ya marehemu bwana shamba inaweza kurudi nyumbani kwako kwa mlango wa jikoni.

Wenye bodaboda mpya wasidhani kuwa haya hayawahusu. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo chombo hutumikishwa sana na kuhudumiwa kidogo. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia kwetu katika miaka ya 2000 zina injini iliyoigwa kutoka hiyo. Alumini ni ileile, mapezi ni yaleyale, na ndoo ya kostiki soda inazingoja zote.

Basi tufanyeje? Siwalaumu mafundi. Fundi hutengeneza anachoulizwa na mteja, na mteja huuliza, "Itang'aa?" Mimi nashauri tubadili maswali. Ukipeleka injini, muulize fundi ataiosha kwa nini. Muulize gasketi ataibandua kwa kifaa gani. Muulize kijana wake atavaa nini machoni na mikononi, na kama hana cha kuvaa, ongeza fedha ya miwani na glavu katika malipo yako. Usimpe siku moja kwa kazi ya siku tatu, wala usipunguze bei kwa sababu kava halikurudi likiwa kioo. VETA wana vyuo Mbeya na Iringa, na mafundi wakongwe wangali hai; wenye gereji wanaweza kumpeleka kijana kwa mmojawapo kabla hajakabidhiwa ndoo.

Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga kiki, inama upitishe kidole chini ya kava la injini yako. Kikitoka na oili, unajua pa kuanzia maswali.